Wodi ya tiba shufaa Kaohsiung: siku 16 na masaa manane

Wodi hii ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyeponyeka, ndiko alikofia mama mkwe wangu. Naipa nyota nne. Ya tano walikuwa nayo mkononi mpaka saa tisa ya usiku wa mwisho, wakaiangusha wenyewe.

Jina la hospitali siliandiki. Mke wangu kaniomba, na hata asingeniomba, manesi wale bado wako zamu na wengi walitutendea wema ambao sitaki uchanganyike na kosa la usiku mmoja. Ni hospitali kubwa ya Kaohsiung, kusini mwa Taiwan, basi. Naandika kwa kuwa tangu msiba wetu nimeshapigiwa simu na Watanzania watatu waliooa huku, na swali lao ni moja: familia ya mke inataka mzee apelekwe "wodi ya kufia", na wao kama wakwe hawajui waseme nini.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, Mwislamu. Mke wangu alisilimu kabla hatujaoana. Mama yake alibaki Mbudha wa Ardhi Safi, wale wanaomtaja Buddha Amitabha kwa jina kama sisi tunavyoleta dhikri: "Namo Amituofo", asubuhi, jioni, akichambua mboga, akisubiri basi. Nyama hali, samaki hali, hata kitunguu na kitunguu saumu havikuingia jikoni kwake. (Mwaka wa kwanza nilimpikia pilau bila kitunguu. Alimaliza sahani kwa heshima. Mimi sikuweza.) Alikuwa na miaka 74. Saratani ya kongosho, na ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Nianze na mapokezi, maana hapo ndipo walipoichuma nyota ya kwanza. Nesi alivuta kiti akakaa. Sikuwahi kuona nesi anakaa. Akaanza maswali ya kawaida, presha, sukari, dawa zinazomdhuru, halafu bila kubadili sauti akaendelea: unafuata dini gani, unaogopa nini zaidi, ungependa nini kifanyike pumzi ikikatika. Mke wangu akataka kumjibia mama yake. Nesi akamwonyesha kiganja, taratibu, akamgeukia mama.

Mama akataja mambo manne. Asipewe dawa ya kumpoteza fahamu. Vidonge vyake visiwe vile vya ganda la jelatini, kwa sababu jelatini hutoka kwa mnyama. (Hapo nikamwona mama mkwe kuwa mwenzangu kabisa, mimi nauliza jelatini ya nguruwe, yeye ya mnyama yeyote.) Watu wasilie chumbani. Na akishakufa asiguswe masaa manane.

Nesi akayaandika yote manne kwenye faili lile lile la dozi na presha, akamsomea, mama akaitikia.

Hili la masaa manane nilieleze, maana ndilo litakaloleta balaa huko mbele. Wabudha wengi wa huku wanaamini kwamba pumzi kukatika si mwisho. Fahamu, wao hawasemi roho, hujitoa mwilini polepole, na kwa muda huo maiti bado anaweza kuhisi. Ukimbeba, ukimvuta mpira mwilini, ukamlilia machozi yakamdondokea, unamtia uchungu au hasira au tamaa ya kubaki, na hali ya moyo wa mtu katika saa ile ndiyo inayoamua anakwenda kuzaliwa wapi. Kwa hiyo wanamwacha alivyo, wanakaa pembeni wanamtaja Amituofo bila kukatisha mpaka masaa manane yatimie. Kwa mtu wa pwani ni jambo gumu kulipokea. Sisi mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa, na kuchelewesha ndiko tunakokuona kumtesa.

Sheria ya nchi inawasaidia. Tangu mwaka 2000 Taiwan ina sheria ya tiba shufaa: madaktari wawili wakithibitisha kwamba ugonjwa umefika ukingoni, mgonjwa anaweza kukataa kukandamizwa kifua, kupigwa shoti ya moyo na kuingizwa mpira wa kupumulia. Anasaini mbele ya mashahidi wawili, na uamuzi unaingizwa kwenye kadi yake ya bima ya afya. Mwaka 2019 ikaanza kutumika sheria nyingine pana zaidi, ambayo mtu mzima wa afya anaandika mapema asichotaka afanyiwe, hata kama siku moja atazama kwenye koma isiyo na marejeo au usahaulifu wa uzeeni utamfika pabaya. Lakini kumdunga mtu sindano ili afe, hata aombe kwa machozi, ni marufuku. Fu Da-ren, mtangazaji maarufu wa michezo aliyekuwa na saratani ya kongosho, ilibidi asafiri mpaka Uswisi, akafia huko Juni 2018. Mama alikuwa akimtazama miaka yote. "Kila mtu na njia yake," alisema. "Yangu haina ndege."

Siku ya tatu maumivu yakapanda mpaka nane kwa kipimo chao cha sifuri hadi kumi. Mama akakataa morfini, ile dawa kali ya maumivu.

Nilishawahi kumchukulia shangazi yangu morfini ya maji Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa hiyo nilidhani najua tatizo. Kwetu watu huogopa uteja, au huamini kwamba ukianza dawa hiyo umeshakabidhiwa kaburini. Hofu ya mama ilikuwa nyingine kabisa. Amefanya mazoezi miaka arobaini ya kulitaja jina lile ili siku ya kufa alitaje akiwa na akili zake. Leo mumlevye dakika ya mwisho? Ni kama mtu afunge Ramadhani nzima, muadhini anakohoa aadhini, mtu wake anamtia maji mdomoni.

Daktari alikuwa kijana, miwani mikubwa, viatu vya mazoezi. Hakubishana. Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamwuliza: "Mama, sasa hivi na haya maumivu, unaweza kumtaja mara ngapi bila kukatika?" Mama akajaribu. Akafika ya sita, akauma meno. Daktari akasema, "Kesho asubuhi tujaribu kidogo sana. Utahesabu tena. Zikipungua, tunaacha, na mimi sitakuuliza tena."

Tasbihi ya Kibudha ina shanga 108. Asubuhi ile, baada ya dozi ya kwanza, mama alivuka shanga sabini ndipo akapumzika. Siku iliyofuata wakaongeza kidogo, akamaliza duru nzima. Wakaongeza tena, akasinzia kwenye ya thelathini, basi wakarudisha nyuma. Dozi ikapimwa kwa tasbihi. Niliona kwa macho yangu kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani: safu ya presha, safu ya maumivu, na pembeni, kwa kalamu ya bluu, safu ya shanga. Kama mngeniuliza nyota nne nimezitoa wapi, mbili zimetoka kwenye safu ile.

Mambo mengine ya wodi nayapitia haraka. Ni safi, ina bustani juu ya paa, ina chumba cha ibada chenye sanamu ya Buddha na pembeni chumba kidogo cha Wakristo, ambao ndio waliotangulia: wodi ya kwanza ya namna hii Taiwan ilifunguliwa mwaka 1990 na hospitali ya Kikristo ya Mackay, huko Tamsui, na Wabudha wakafuata. Chakula cha wasiokula nyama kizuri, cha wageni ghali. Maegesho ni vita.

Wana bafu la magurudumu ambalo mgonjwa hulazwa ndani, maji ya moto yakamkanda pande zote. Mama alilipenda kupita dawa. Mara ya kwanza nesi aliniita nisaidie kumwinua, na mimi nikarudi nyuma mpaka nikagonga mlango kwa kisigino. Kumwogesha mama mkwe! Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Kijava, yaya wa mgonjwa wa kitanda jirani. Huku wauguzaji wengi wa kuajiriwa ni Waindonesia. Siku ya kwanza aliona kofia yangu akanitolea salamu, "Assalamu alaikum", ndani ya wodi inayonukia udi wa Buddha, na kuanzia hapo nikawa na ndugu. Alimweleza nesi kwa Kichina chake, nesi akacheka mpaka akainama, ila hakuniita tena.

Siku ya tisa akashuka shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kutoka Vancouver, Kanada.

Huku wana jina kabisa la mtu wa namna hii, wanamwita mwana mtiifu wa ukingo wa mbingu. Yaani yule aliye mbali, hakuuguza, hakukesha, na kwa sababu hiyo hiyo akitua anataka kila mashine iwashwe. Simlaumu sana, hatia ina kelele zake. Mama alikuwa sasa analala muda mwingi na chakula hakigusi. Shemeji akataka awekewe mpira wa chakula, na ikibidi wa kupumulia. Alipoambiwa mama alikataa, akasema maneno yaliyonyamazisha ukumbi: "Amri ya kwanza ya Buddha ni kutoua. Mnamuua kwa karatasi."

Nesi mkuu akachukua kadi ya bima ya mama, akaichomeka kwenye kisomeo, akamgeuzia skrini. Uamuzi ulikuwepo. Shemeji akausoma mara mbili. "Hiyo ni sheria," akasema. "Mimi nauliza dhambi."

Ndipo akaitwa Shifu. Wodi ina mtawa wake wa kike, amenyoa kichwa, kanzu ya kijivu, kitambulisho cha hospitali shingoni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Sikujua kama hii ni kazi yenye mafunzo. Kumbe watawa wa Kibudha hufundishwa kabisa utaratibu wa wodi, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, Taipei, ndiyo iliyoongoza mafunzo hayo. Alimkaribisha shemeji chai, akamsikiliza mpaka akaishiwa.

Kisha akamwambia kwamba kuua kunahitaji nia ya kuua, akamwuliza ni nani mle ndani mwenye nia hiyo. Shemeji kimya. Akasema ugonjwa una mwendo wake. Kuusukuma mbele, hilo ni kosa, na angekuwa yeye wa kwanza kulizuia. Lakini kumshikilia mtu mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kunatoka kwenye kung'ang'ania, na kung'ang'ania ndiko Buddha alikokutaja kuwa mzizi wa mateso. Akamkumbusha kwamba Buddha mwenyewe, akiwa na miaka 80 na tumbo linamuuma, alilala ubavu wa kulia kati ya miti miwili huko Kushinagar, India, na mwanafunzi wake Ananda alipolia alimtuliza.

Mimi nimekaa pale na kikombe changu, moyoni nasoma *innamal a'malu binniyyat*, hakika matendo ni kwa nia. Hadithi ya kwanza niliyohifadhishwa madrasa, mzee wangu akinipiga kiboko cha vidole nikikosea, leo naisikia maana yake kwa mtawa wa Kibudha.

Sisemi kwamba Wabudha wote wamelimaliza jambo hili. Thailand walikuwa na mtawa mkubwa, Buddhadasa, aliyetaka kufa kwa utulivu katika monasteri yake ya msituni, Suan Mokkh. Alipopigwa na kiharusi mwaka 1993 alikimbizwa hospitali Bangkok, akakaa huko wiki kadhaa huku wanafunzi na madaktari wakivutana, mpaka akarudishwa kufia kwake mwezi Julai. Ikiwa mwalimu wa nchi nzima alishindwa kusikilizwa, shemeji yangu ni nani asichanganyikiwe?

Walichofanya baadaye ni kumpa kazi. Nesi alimletea glasi ya maji na kijiti chenye sponji, akamwonyesha namna ya kulowesha midomo ya mama kila nusu saa. Toka siku ile hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kijiti kile.

Siku ya kumi na mbili, mama akiwa macho, alikuja mratibu wa utoaji wa viungo vya mwili. Mgonjwa wa saratani mara nyingi bado anaweza kutoa konea, yaani vioo vya mbele ya macho, ila lazima zichukuliwe mapema, muda ambao yeye anatakiwa awe hajaguswa. Hapa walimu wao wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema kutoa ni sadaka kubwa na fahamu ya mtoaji haiwezi kudhurika. Huko Hualien, mashariki mwa Taiwan, shirika la Kibudha la Tzu Chi la mtawa Cheng Yen limewafanya wafuasi wengi kutoa mwili mzima kwa wanafunzi wa udaktari, nao huwaita maiti wale walimu wasio na sauti. Mama alisikiliza yote. Akasema anawaonea wivu wenye moyo huo, ila yeye ni mwoga, anataka masaa yake manane. Mratibu akafunga faili, akainama, akamshukuru kwa kumsikiliza. Hakuna aliyemsukuma hata kwa jicho. Kwa hili pia nawapa.

Lakini liwekeni akilini: konea alizikataa kwa ajili ya masaa manane.

Alikata pumzi siku ya 16, saa tano na dakika ishirini usiku. Daktari wa zamu akathibitisha kwa kusikiliza tu, hakumgeuza. Tukaambiwa tubaki chumbani mle mle mpaka asubuhi. Baada ya nusu saa wakafika watu wa kundi la kumtajia Buddha, sita, majoho meusi, wa kujitolea. Hawapokei pesa, hata maji yetu hawakuyagusa. Wakasimama miguuni pa kitanda, mmoja na kengele ndogo ya mkononi, wakaanza. Namo Amituofo. Namo Amituofo. Ukutani kisanduku cha plastiki cha pinki, ukubwa wa mche wa sabuni, nacho kinaimba jina lile lile kwa sauti ya chini. Wanakichomeka kila chumba ili kimya kisiingie watu wakivuta pumzi. Mama kafunikwa shuka la manjano lenye maandishi. Mke wangu hakuimba. Alikaa karibu, mikono mapajani, midomo inacheza, na sikumuuliza alikuwa akisoma nini.

Saa tisa kasoro mlango ukafunguliwa. Kijana wa mochwari na machela. Kitanda kinahitajika, kuna mgonjwa anapandishwa kutoka dharura. Nesi wa usiku alikuwa mgeni, kaazimwa kutoka wodi nyingine, faili hakulisoma. Kijana akashika ncha ya shuka tayari kwa kumhamisha mama, na mkono wa mama ukateleza, ukaning'inia nje ya kitanda.

Kengele haikukatika. Lakini niliwaona wale wazee sita wakifumba macho kwa pamoja.

Aliyesimama mlangoni ni shemeji. Yule aliyetaka mashine. Akapanua mikono akashika nguzo zote mbili, akasema kwa sauti ya chini sana, "Hamgusi." Wakabishana dakika kumi. Mwisho ukapatikana mpango ambao ungepatikana tangu mwanzo: kitanda kiondoke chenyewe, na mama juu yake, bila kuinuliwa, kwenda chumba cha ibada cha chini karibu na mochwari, na mgonjwa wa dharura aletewe kitanda kingine. Tukasukuma. Gurudumu moja linalia. Waimbaji wakajibana nasi kwenye lifti, kengele inagonga sentimita chache kutoka sikioni kwangu, ghorofa baada ya ghorofa.

Kile chumba cha chini ni aibu. Ukutani kuna sanamu nzuri na maua mabichi, lakini nyuma ya ukuta iko mitambo ya friji, inaunguruma, inazima, inaunguruma. Viti vinne kwa watu kumi na moja. Pale ndipo mama alipomalizia masaa yake, saa moja na dakika ishirini asubuhi, na mkono wake ukiwa pale pale ulipoteleza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuurudisha.

Tulilalamika kwa maandishi. Baada ya wiki mbili mkuu wa manesi alipiga simu, akaomba radhi bila kujitetea, akasema sasa wanabandika kadi ya manjano mlangoni yenye saa ya kufa na saa ya kuruhusiwa kugusa. Shifu alikuja nyumbani siku ya arobaini na tisa, ndiyo hitma yao, akakaa na shemeji barazani muda mrefu.

Sasa kwa wale watatu walionipigia na wengine mtakaonipigia. Mpelekeni mzee, na mpelekeni mapema akiwa bado anaweza kujibu mwenyewe. Yule anayefika hajitambui hujibiwa na watoto, na watoto ndio sisi. Bima ya taifa inalipa, chumba cha peke yako unaongeza wewe. Sharti lenu lolote la baada ya kufa liandikwe mlangoni, msitegemee faili. Kama ni Mwislamu mwambieni Shifu siku ya kwanza. Alituulizia kibla upande gani kabla sisi hatujauliza, na akampa dada wa Kijava ufunguo wa stoo ya shuka aswalie humo. Mkiteremshwa chumba cha chini, njooni na viti. Na soketi ya kisanduku cha pinki iko nyuma ya kabati la vitabu, upande wa kushoto, chini kabisa. Sisi tuliitafuta robo saa.